Ndege wa Karibu na Nyumbani na Dalili za Kwanza za Machipuko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, baridi inapoanza kulegea, naulizwa maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa siku zote. Mengi yanahusu nchi zenye misimu minne kaskazini mwa dunia. Walio kusini wasome Septemba pale nilipoandika Machi. Walio karibu na Ikweta wana swali lao, nalo lipo huko mbele.

Machipuko ndiyo masika?

Hapana, ingawa utaona yametumika kama neno moja katika tafsiri nyingi. Masika ni mvua kubwa zinazoanza mwezi wa tatu Afrika Mashariki. Machipuko, au majira ya kuchipua, ni kipindi ambacho nchi ya baridi inatoka kwenye baridi na miti iliyokuwa mitupu inatoa majani mapya. Miezi inagongana, ndiyo maana watu wanachanganya. Lakini kwenye masika kinachoamsha viumbe ni maji, na kwenye machipuko ni mwanga, kisha joto. Tofauti hiyo ndiyo itakayokusaidia kuelewa karibu kila kitu kilichomo humu.

Basi yanaanza tarehe ngapi?

Inategemea unamuuliza nani. Watu wa hali ya hewa wanahesabu kuanzia tarehe 1 Machi, maana miezi mizima inawarahisishia takwimu. Wanaotazama jua wanasubiri sikusare, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, kwenye tarehe 20 Machi hivi. Ndege na maua hawafuati hesabu yoyote kati ya hizo.

Mwaka 1918 Mmarekani aliyeitwa Andrew Hopkins, mtaalamu wa wadudu, aliandika kanuni ya kukadiria: ukienda kaskazini digrii moja ya latitudo, machipuko huchelewa siku 4 hivi, ukipanda mlima mita 120, huchelewa siku 4 nyingine. Ni makadirio tu, na mji mkubwa wenye lami na saruji huyavuruga, kwa sababu unahifadhi joto usiku. Lakini huhitaji hata kusafiri ili uone tofauti. Zunguka nyumba yako. Upande unaopigwa na jua la mchana, chini ya ukuta, maua hutoka siku kadhaa kabla ya yale ya upande wa kivulini, na hapo katikati umbali ni hatua ishirini. Kwa hiyo mtu akikuambia machipuko yamefika, muulize yamefika upande gani wa nyumba.

Dalili ya kwanza kabisa ni ipi?

Watu wengi hutafuta kitu cha kijani. Mimi huwaambia wafungue dirisha na watege sikio, kwa sababu sauti hutangulia majani kwa wiki nyingi. Kuanzia mwisho wa Januari, asubuhi yenye jua, hata kama theluji bado iko chini, mtaa ambao ulikuwa kimya tangu Novemba unaanza kusikika. Sehemu kubwa ya Ulaya na Asia, wa mwanzo huwa ni ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, mashavu meupe na kifua cha manjano kilichogawanywa na mstari mweusi. Wimbo wake ni noti mbili, moja juu na moja chini, zinarudiwarudiwa kama pampu ya baiskeli iliyokosa mafuta. Si wimbo mzuri sana, tuseme ukweli. Lakini baada ya miezi mitatu ya kunguru peke yake, utaupenda.

Kisha kuna kigogota. Ukisikia mlio wa ghafla kama mlango mkavu unaofunguliwa kwa nguvu, mapigo zaidi ya kumi ndani ya sekunde moja halafu kimya, huyo hatafuti chakula. Anayetafuta chakula hugonga polepole, bila mpango, na vipande vya gome huanguka chini. Huyu anapiga ngoma ili wenzake wajue mti una mwenyewe na ili majike wamsikie. Hachagui tawi lenye wadudu, anachagua lenye kuvuma. Ndiyo maana wengine hupigia mabomba ya chuma na vifuniko vya taa za barabarani, na kuwaamsha watu saa kumi na mbili asubuhi.

Wanajuaje, wakati nje bado kuna barafu?

Wanapima urefu wa mchana. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi William Rowan alifuga ndege wadogo kwenye vizimba vya nje huko Alberta, Kanada, katikati ya baridi kali. Baadhi aliwawashia taa, akawaongezea dakika chache za mwanga kila jioni. Ndege hao, huku wakiwa kwenye baridi ya kugandisha, viungo vyao vya uzazi vilianza kukua kama vile ni machipuko. Waliokaa bila taa hawakubadilika. Kwa hiyo baridi haikuwazuia. Mwanga ndio uliowaambia.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba mwanga huo hawauhitaji kuupitisha machoni. Unapenya manyoya na fuvu lao jembamba hadi kwenye seli maalumu ndani ya ubongo. Kutoka hapo homoni zinaanza kazi: kwa dume, korodani ambazo wakati wa baridi zilikuwa ndogo kama mbegu hukua mara mia kadhaa. Kiumbe anayelazimika kuruka hana sababu ya kubeba mzigo huo mwaka mzima.

Sijui ndege hata mmoja. Nianze wapi?

Anza na watano, na usiongeze wa sita mpaka hao watano uwatambue kwa mgongo, kwa mruko na kwa sauti. Watu hukata tamaa kwa sababu wananunua kitabu chenye ndege mia nne, wanaanza ukurasa wa kwanza, na ndege wa ukurasa wa kwanza ni bata wa baharini ambaye hawatamwona maisha yao yote.

Unapomwona usiyemjua, jiulize kwanza ukubwa wake: ni mkubwa kuliko shomoro? Anafikia njiwa? Kunguru? Kisha mdomo: mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu, mwembamba kama sindano ni wa kuokota wadudu. Kisha anafanya nini: anatembea, anarukaruka, anatikisa mkia, ananing'inia kichwa chini? Rangi iache mwisho. Rangi hudanganya, ndege yuleyule huonekana kijivu asubuhi yenye ukungu na kahawia jua linapozama, na ukimtazama mwanga ukiwa nyuma yake, kila ndege ni mweusi.

Programu za simu zinasaidia. Ile inayoitwa Merlin, iliyotengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, inasikiliza sauti na kukutajia majina. Itumie, lakini majina inayotoa yachukue kama tetesi: usiandike chochote mpaka macho yako yathibitishe. Imewahi kunitajia bundi ambaye alikuwa bawaba ya geti.

Naishi ghorofani, sina bustani. Nina la kuona?

Unalo. Chagua mti mmoja unaoonekana kutoka dirishani na uutazame kila siku kwa dakika kumi, saa ileile. Aliye ghorofa ya nne ana bahati ambayo wa chini hana, maana yuko usawa mmoja na matawi ya juu ambako ndege huimba. Mti mmoja unaoujua vizuri utakuonyesha zaidi ya msitu unaoutembelea mara moja kwa mwaka.

Ni lazima niwe na darubini?

Wiki za kwanza hapana. Ukiamua kuinunua, tafuta iliyoandikwa 8x42. Nane ni mara inazokuza, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mwanga unaoingia. Wanaoanza hutamani za kukuza mara 12 au zaidi, wakidhani ndiyo bora. Mkono wa binadamu hutetemeka, na kila mtetemeko nao hukuzwa mara hizohizo, kwa hiyo unaishia kuona ndege anayecheza ngoma.

Kosa la kila mtu ni kumtafuta ndege kwa kutumia darubini. Mtafute kwa macho matupu. Ukimpata, usiyatoe macho kwake, hata kwa kope. Inua darubini taratibu mpaka ije kati ya macho yako na yeye. Fanya mazoezi kwa kitu kisichoruka, kama jani moja mtini. Siku tatu zinatosha.

Saa gani ni nzuri?

Nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja na nusu baada yake. Alfajiri bado ni giza mno kwa kutafuta wadudu, upepo umetulia, na mitaa iko kimya, kwa hiyo sauti hufika mbali. Pia dume anayeimba kwa nguvu baada ya usiku wa baridi anaonyesha kwamba ameamka na akiba mwilini. Hawaanzi wote pamoja. Kwa kawaida wenye macho makubwa hutangulia, kwa sababu mwanga mdogo huwatosha. Ukiamka mapema kwa siku chache utajua nani anamfuata nani, na utaweza kukadiria saa bila kuangalia simu. Karibu na taa za barabarani utaratibu huo huvurugika, na wapo wanaoimba usiku wa manane.

Kama huwezi kuamka, jioni nayo si mbaya. Mchana ndio wa kulala.

Mbayuwayu wanaofika Aprili walikuwa wapi?

Afrika, kusini mwa Sahara. Wale wanaozaliana Uingereza hufika hadi Afrika Kusini, takriban kilomita 10,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mwenye safari hiyo ana uzito wa gramu 20 hivi, sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakulijua hilo. Wapo waliosadiki kwamba mbayuwayu hujizika kwenye matope ya maziwa na kulala humo mpaka joto lirudi. Usiwacheke. Mwezi wa Septemba walikuwa wakiwaona kwa maelfu wakilala kwenye matete kando ya maji, na asubuhi moja hawapo. Ungesemaje? Kisha mwaka 1822, huko Mecklenburg, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepita shingoni. Alikuwa amevuka bara na bahari nao. Alikaushwa, na bado yuko Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki wake ukiwa palepale. Kwa mbayuwayu, jibu lilitolewa na pete: mmoja aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Madume hutangulia kufika, na wengi hurudi kwenye banda lilelile, wakati mwingine kwenye boriti ileile. Nimewahi kusimama mlangoni mwa banda wakati wa kwanza wa mwaka alipoingia. Hakuzunguka kutazama. Alipita juu ya kichwa changu karibu niusikie upepo wake, akatua kwenye ukingo wa kiota cha zamani kilichokwisha kubomoka upande mmoja, akakaa. Mgongo wake ulikuwa buluu ya chuma kilichopakwa mafuta, koo lina rangi ya kutu, na nyuzi mbili za mkia zilipita ncha za mabawa. Alichokoa kipande cha tope kikavu, kikaanguka, akakiangalia kinavyoanguka. Kisha akaanza kuongea peke yake kwa ile sauti yao ya haraka yenye mikwaruzo, bila kituo, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wapangaji wameharibu vitu. Siku chache baadaye alikuwa akileta vitonge vya matope kutoka kwenye dimbwi la barabarani. Mwaka ule ulikuwa mkavu, dimbwi likakauka, nikawa namwaga ndoo moja ya maji pale kila asubuhi. Majirani waliniuliza nimwagie nini pale ambapo hapajaoteshwa kitu.

Mimi niko karibu na Ikweta, hatuna baridi wala machipuko. Ukurasa huu unanihusu?

Unakuhusu kwa upande wa pili: wewe huoni wanaofika, unaona wanaoondoka. Mbayuwayu hubadilisha manyoya yao wakiwa Afrika. Watazame Desemba, wengi wamechakaa, mkia hauna nyuzi ndefu. Watazame tena Machi: wanang'aa, nyuzi zimerefuka. Mwisho wa mwezi huo wanajipanga kwenye nyaya za umeme kwa mamia, na Aprili nyaya zinaanza kubaki tupu. Siku unapoona nyaya tupu, kuna mtu kilomita maelfu kaskazini atakayewaona wiki chache zijazo na kusema baridi imekwisha.

Usichanganye na wenyeji. Mbayuwayu mwenye utosi mwekundu wa kutu, tumbo jeupe kabisa na nyuzi nyembamba sana mkiani haendi Ulaya. Wanaopita kwenda kaskazini miezi hiyo ni pamoja na keremkerem wa Ulaya, ambao utawasikia juu kabla ya kuwaona, na kambu wa Ulaya, wale wa buluu wanaotua kwenye nguzo. Nanyi mna sauti zenu za msimu: kekeo mwenye kifua chekundu, yule wa noti tatu zinazoshuka, huanza kuita mvua zinapokaribia, na watu wa sehemu nyingi za Afrika humsikiliza kwa sababu hiyo.

Mbona sijawahi kuwaona ndege wakisafiri?

Kwa sababu ndege wadogo wengi husafiri usiku. Hewa imetulia, mwewe wamelala, na nyota zinawasaidia kujua njia. Asubuhi unakuta bustani iliyokuwa na ndege watatu ina thelathini, wamechoka na hawakuogopi. Zima taa zisizo na kazi usiku wa Machi hadi Mei, hasa za ghorofani. Mwanga huwavuta na kuwapoteza.

Kuna ndege anayegonga kioo cha dirisha langu kila siku. Ana wazimu?

Hana. Anamwona dume mwingine ndani ya kioo, kila anapomtisha naye anamtisha, na hataki kuondoka. Kwa siku kadhaa, hata wiki, anapigana na nafsi yake. Pazia la ndani halisaidii, mara nyingi hukifanya kioo kiakisi zaidi. Funika sehemu hiyo kwa nje, kwa karatasi au kwa kukipaka sabuni. Vioo vya pembeni vya gari vifunike na soksi kuukuu. Homoni zikishuka ataacha.

Anayejigonga kwa kasi na kuanguka ni suala jingine, na zito zaidi. Nchini Marekani pekee, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 ni kwamba vioo vya majengo huua ndege kati ya milioni 365 na karibu bilioni moja kwa mwaka. Kioo kinachoakisi miti, kwa ndege ni miti. Bandika alama ndogo upande wa nje, zikiachana sentimita tano hivi, kioo kizima. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haifanyi kazi. Ndege hupita pembeni yake na kujigonga vilevile.

Niwalishe, au niache kwa kuwa joto linakuja?

Mwanzo wa machipuko ndio wakati wa njaa zaidi, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Mbegu za mwaka uliopita zimekwisha, wadudu hawajatoka. Mbegu za alizeti zinawafaa wengi. Karanga ziwe mbichi, bila chumvi, na kuanzia majira ya kutaga ziwe zimepondwa ili kinda asikabwe. Mkate unajaza tumbo bila kulisha. Chumvi na maziwa usiwape kabisa.

Ukishindwa kuosha chombo cha chakula kila wiki kwa maji ya moto, ni heri usiweke. Chombo kichafu hueneza magonjwa ambayo huua ndege wengi kuliko njaa ambayo ungeizuia. Ukimwona aliyevimba manyoya, amekaa tu karibu na chakula wala haruki ukimsogelea, toa chombo kwa wiki mbili wasambae. Na kiweke ama karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ili akishtuka asipate kasi ya kujiumiza, ama mbali kabisa.

Kisanduku cha kiota kinatundikwa lini, na tundu liwe la ukubwa gani?

Kabla ya mwisho wa Februari, kwa sababu wanaanza kukagua nyumba mapema. Kwa Ulaya, tundu la milimita 25 huingiza wadogo kabisa, 28 yule mwenye mashavu meupe niliyemtaja, na 32 shomoro. Tundu likizidi kidogo, mkubwa humfukuza mdogo. Kijiti cha kukalia chini ya tundu, ambacho watengenezaji wengi hukiweka kwa urembo, king'oe. Ndege hakihitaji, anayekihitaji ni adui yake. Elekeza tundu mbali na jua kali na upepo wa mvua. Mwaka wa kwanza kisipopata mpangaji, kiache.

Ukiacha ndege, nitazame nini?

Mwerebi. Kama kuna mti wa jamii hiyo karibu nawe, usiwe na haraka ya kitu kingine. Mwezi wa tatu vichipukizi vyake hupasuka na kutoa vinundu vyenye manyoya ya kijivu, laini kama sikio la paka. Siku moja ya jua, vinundu vya mti dume hugeuka manjano kwa chavua. Simama hapo saa sita mchana. Utasikia kabla ya kuona: muungurumo mzito, wa chini, na nyuki mnene mwenye manyoya kama koti anashuka akiyumba. Huyo ni malkia. Kundi lake lote lilikufa mwaka jana, yeye peke yake alilala ardhini miezi sita akiwa tayari amebeba mbegu za uzazi. Anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, ili apashe mwili joto, ndiyo maana anaweza kutoka wakati nyuki wa asali bado wamejifungia. Akikosa maua ya mapema kama haya, hakuna kundi mwaka huu. Baada ya hapo utamwona akiruka chini chini juu ya nyasi, akiingia kila shimo. Anatafuta tundu la panya lililoachwa.

Usiku wa kwanza wa mvua usio na baridi kali, vyura huvuka barabara kwenda kwenye bwawa walikozaliwa. Tembea na tochi, endesha gari polepole. Mayai yao utayakuta asubuhi majini, kama sagu iliyopikwa ikamwagika.

Na usisafishe bustani mapema. Ndani ya mabua makavu na chini ya majani yaliyooza kuna wadudu wamelala, na hao ndio chakula cha makinda.

Theluji imerudi Aprili. Watakufa?

Wapo watakaokufa. Wanaokula mbegu huvumilia. Wanaokula wadudu wa angani, kama mbayuwayu, ndio hupata taabu, na baadhi hurudi kusini kidogo wakasubiri. Ongeza chakula, weka maji yasiyoganda. Zaidi ya hapo huna la kufanya.

Nimeokota kinda chini. Nimpeleke ndani?

Karibu kila mara, hapana. Kama ana manyoya, anarukaruka, na mkia wake ni kisiki kifupi, hajapotea. Yuko kwenye siku zake za kujifunza kuruka na wazazi wako karibu wanasubiri wewe uondoke. Akiwa barabarani msogeze hadi kwenye kichaka. Kama ni mtupu na macho yamefumba, mrudishe kwenye kiota chake kama unakiona. Ile imani kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu si kweli. Paka wako ndiye wa kufungiwa ndani, hasa alfajiri na magharibi.

Niandike nini kwenye daftari?

Tarehe, saa, hali ya hewa, na ulichokiona, hata kama ni "hakuna kitu". Mwingereza Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika siku ya chura wa kwanza, jani la kwanza, mbayuwayu wa kwanza kwenye shamba lake huko Norfolk. Kizazi chake kiliendeleza kazi hiyo hadi 1958. Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinarudi nyuma hadi karne ya 9, na mwaka 2021 ilifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa hadi wakati huo. Hakuna kati ya waandishi wale wa kwanza aliyejua kwamba angekuja kuwasaidia wapima joto la dunia.

Machipuko kuja mapema si jambo zuri kwa ndege?

Ni zuri kwa anayeweza kuwahi. Nchini Uholanzi kuna ndege mdogo, dume wake mweusi na mweupe, anayekula wadudu na kukimbilia Afrika Magharibi wakati wa baridi. Makinda yake hulishwa viwavi wa mwaloni. Mwaloni sasa huchipua mapema, viwavi hufuata mwaloni, lakini yeye huko Afrika anaongozwa na urefu wa mchana, ambao haujabadilika. Watafiti waligundua kwamba anafika siku zilezile na kukuta karamu inaelekea kwisha.

Nitajuaje kwamba machipuko ya mapema yamekwisha?

Siku utakaposikia ndege akiimba ndani ya mti wako na usimwone, kwa sababu majani yamefunga. Kama unakaa mjini, angalia pia juu ya mapaa mwanzoni mwa Mei. Teleka, wale weusi wenye mabawa ya mundu ambao wengi wetu huwaita mbayuwayu tu, hufika karibu wa mwisho. Huonekana wachache jioni, juu sana; kesho yake wanapita kati ya nyumba kwa makelele. Huwezi kuwaona wametua kwenye waya, miguu yao haiwezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walipima mwaka 2016 na kukuta baadhi yao hukaa miezi 10 hewani bila kugusa chini. Mimi nikiwaona hufungua ukurasa mpya wa daftari.